Fimbo ya Vipande Viwili Ndani ya Boti ya Kocha Stubblefield

Kocha Orville Stubblefield husali kanisani kila Jumapili, lakini dini yake hasa ni fimbo ya kuvulia samaki. Fimbo, kwa mujibu wa Kocha, sharti iwe kipande kimoja tangu mpini hadi ncha, iwe na urefu wa futi saba na ushei, na iwe ngumu. Ugumu wake huupima kwa kuning'iniza galoni ya maziwa kwenye ncha. Ikipinda kidogo, hiyo ni fimbo. Ikipinda sana, anaiita mkia wa ng'ombe, na mwenye nayo huondoka akiwa ameijua hadhi yake duniani.

Sisemi haya kwa kejeli. Mimi, Thaddeus Ogletree, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Shule ya Bweni ya Harlow Bluff, juu ya Ziwa Tallow, Tennessee, na hapa kwetu mtu anaweza kusahau jina la gavana wake asiulizwe na yeyote, ila akizicheka fimbo za Kocha atakula peke yake mpaka likizo. Timu ya uvuvi ina makombe kwenye kabati la kioo mlangoni mwa bwalo. Timu ya mpira wa kikapu ina picha moja, nayo imefifia.

Septemba akaja Kohei Minegishi, kutoka mji wa Otsu, Japani, akapangwa chumba kimoja nami. Waliompanga walitumaini kwamba mgeni mwenye heshima angenitengeneza tabia, baada ya lile jambo la kiunzi cha mifupa cha maabara kukutwa kwenye kiti cha Mkuu wa Shule kimevaa tai. Kweli alinitengeneza. Nilianza kukunja soksi.

Kohei alikuwa na sanduku la nguo na bomba moja la plastiki lenye urefu wa mguu wa meza. Siku ya kwanza ya mazoezi alilifungua mbele ya timu nzima.

"Ni nini hicho, kijana?" Kocha akauliza.

"Fimbo yangu, Kocha."

"Na nusu yake iko wapi?"

"Humu humu, Kocha." Akatoa vipande viwili, akavichomeka kimoja ndani ya kingine, akavizungusha kidogo. Kocha alitazama kama mtu anayemwona mwenzake akiunga kijiko kwanza ndipo anywe supu.

"Nani aliikata?"

"Haikukatwa. Kwetu tunakwenda kuvua kwa treni. Ukiingia na fimbo ya futi saba kwenye treni ya asubuhi, watu hawakusemi, lakini wanakutazama."

"Nunueni pikapu."

"Gari tunalo, Kocha. Ni la mama. Fimbo ya futi saba inaingia, ila mama lazima ashuke."

Galoni ikaletwa. Fimbo ya Kohei ilipinda tangu ncha mpaka karibu na mpini, na galoni ikatua sakafuni taratibu, kama bibi anayekaa kwenye kochi. Timu nzima ikasubiri hukumu.

"Mkia wa ng'ombe, Kocha?" nikauliza, kwa kupenda elimu.

"Hapana, Ogletree. Ng'ombe ana haki ya kuona ametukanwa."

Tangu hapo ikawa sheria: katika boti ya Harlow Bluff haiingii fimbo ya mwanafunzi yenye kiungo. Kohei akapewa fimbo ya shule, kipande kimoja, ngumu kama mlango, naye akainama akashukuru.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana fimbo si fimbo tu. Sisi huku tunamvua besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kama mfuko wa koti, kwa njia moja tuliyorithi kwa baba zetu. Akigusa chambo, unamng'oa. Unarudisha fimbo nyuma kwa mwili mzima kama unayevuta shina la mti, huku Kocha akipiga kelele, "Mng'oe mpaka babu yake ashtuke!" Fimbo ngumu ndiyo inayofaa kazi hiyo.

Kohei alilelewa vingine. Besi wa ziwa la kwao, alinieleza, wameona kila aina ya chambo tangu utotoni, na kwa umri wa miaka mitatu wanavijua kwa majina. Ukimtikisa kidogo tu, keshakutemea. Kwa hiyo fimbo huwa laini ili samaki avute chambo asihisi kitu, na mvuvi hang'oi. Anangoja. Fimbo inapinda yenyewe, samaki anajinasa mwenyewe, wewe unaonekana huna hatia.

Sasa chukua kijana wa namna hiyo, mpe mlango avulie. Alipongoja, samaki alihisi mti, akatema. Alipojaribu kung'oa kama sisi, alishindwa kuwa na ufidhuli wa kutosha. Aling'oa kwa adabu, nusu nusu, kama anayeomba radhi, na samaki akateleza. Msimu mzima wa masika alipoteza samaki ambao mimi niliyekuwa nyuma yake niliwaona kwa macho yangu wakiondoka bila haraka.

Fainali ya jimbo ilikuwa Jumamosi ya pili ya Mei. Boti moja, jozi moja ya wavuvi, Kocha akiwa nahodha. Jozi yetu ilikuwa Ogletree na Minegishi. Jozi nyingine ilikuwa mapacha wa Vandiver, vijana wenye shingo nene ambao waling'oa samaki kwa nguvu hata mmoja wao aliwahi kujivunja jino kwa goti lake. Jina la jozi lingebandikwa ubaoni Ijumaa jioni. Kila mtu alijua litakuwa lipi.

Jumatatu ya wiki hiyo, kwenye staftahi, Kohei akasema bila kuinua macho kutoka kwenye uji wake wa shayiri:

"Thad, baba yangu anakuja Alhamisi."

"Vizuri. Anakuja kufanya nini?"

"Kuniona kwenye fainali."

"Fainali gani?"

"Ile niliyomwambia nimeshachaguliwa."

Nikaweka kijiko chini. "Ulimwambia lini, bwana?"

"Wakati wa Krismasi. Aliniuliza kwa simu kama nimepata marafiki. Nikajibu swali jingine."

Akaeleza kwamba baba yake ni daktari wa meno, na kwamba amefunga kliniki wiki nzima. Hakuwahi kuifunga kwa wiki nzima. Siku Kohei alipozaliwa aliifunga kuanzia saa nane mchana, na bado huwakumbusha wagonjwa.

"Mwambie ukweli," nikasema. Ushauri mwema haunigharimu kitu.

"Nitamwambia. Ijumaa, jina likishabandikwa." Akakunja kitambaa chake cha karatasi mara nne. "Atasema haidhuru. Atasema ametaka siku nyingi kuona Tennessee. Halafu ataitazama Tennessee siku mbili nzima."

Nikamfikiria mtu mzima akiitazama Tennessee kwa adabu, na uji ukanishinda. Pia, kwa kuwa sipendi kujitia utakatifu, nikaifikiria nafasi yangu mwenyewe botini, maana jozi ni jozi.

"Baba yako atamletea Kocha zawadi?" nikauliza.

"Lazima. Mgeni haji mikono mitupu. Amenunua biskuti."

"Rudisha biskuti. Mwambie alete fimbo. Laini kuliko zote, vipande viwili, nzuri hata mtu aone haya kuiacha ukutani."

Kohei akainua macho. Anaijua sauti yangu ile. Ndiyo niliyotumia siku ya kiunzi. "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya urafiki wa mataifa."

Daktari Minegishi alifika Alhamisi jioni, mtu mdogo, nadhifu, aliyevaa kofia ya kitambaa na fulana yenye mifuko ya kutosha kuhamia. Alimwinamia Kocha. Kocha, ambaye mgongo wake haujapinda tangu jeshini, alijitahidi kwa shingo. Kisha zawadi ikatolewa: fimbo nyekundu iliyoiva kama divai, vipande viwili, kila pete ya kupitishia kamba imefungwa kwa uzi, kwa mkono. Kocha aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga naye hajui kichwa kiko upande gani.

"Na wewe, Daktari, huwa unavua besi?" akauliza.

Kohei akatafsiri. Daktari akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa kitu ambacho nilidhani ni kalamu. Kilikuwa fimbo ya mianzi, vipande vingi vifupi vinavyoungana mpaka urefu wa mkono. Akatoa pia sarafu moja ndogo ya kwao, nyepesi, ya yen moja.

"Baba anavua samaki wadogo wa mifereji ya mashamba ya mpunga," Kohei akasema. "Kuna watu wengi kwetu wanaovua hivyo. Kwao bingwa ni yule anayempata mdogo kuliko wote. Samaki akienea juu ya sarafu hii, watu wanapiga makofi."

Kocha aliitazama sarafu. Aliigeuza upande wa pili, pengine huko kuna nafasi zaidi.

"Mwambie baba yako," akasema polepole, "huyo si samaki. Huyo ni chambo."

Kohei akatafsiri kwa sentensi ndefu kuliko ile aliyopewa. Daktari akashukuru sana.

Usiku ule ule kabla ya kengele ya kulala nilimkuta Kocha kwenye banda la boti anaitundika zawadi kwenye msumari, juu kabisa, mahali pa mapambo. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba nimesikia kwa Kohei juu ya mila za kwao. Nilisema kwamba Japani zawadi ya fimbo hutumiwa siku inayofuata, mbele ya macho ya aliyeitoa. Isipotumiwa, maana yake umemwambia mtoaji kwamba mama yake hakumfunza. Na zaidi ya hapo, aliyepokea humpa mtoaji fimbo yake mwenyewe aitumie siku hiyo hiyo.

"Hiyo ya kwangu mwenyewe?" Kocha akasema.

"Ile unayoipenda, Kocha. Ndiyo mila."

Kocha ni mtu wa Tennessee. Unaweza kumwambia mtu wa Tennessee kwamba hajui kuvua, mkagombana, mkaishia kula pamoja. Lakini ukimwambia kwamba amemkosea mgeni, hapati usingizi. Akaishusha ile fimbo nyekundu kwenye msumari.

Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu Kohei alikataa katakata kusaidia.

"Mimi baba yangu nimeshamdanganya mara moja mwaka huu wa masomo, Thad. Nafasi imejaa."

Ilinibidi niende mwenyewe. Asubuhi nilimkuta Daktari amekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni, anakunywa chai. Kwa Kiingereza cha polepole na mikono mingi nilimweleza mila ya Tennessee: mwenyeji akikupa fimbo yake, uitumie mbele yake siku hiyo hiyo, usiikatae, usiibadilishe, na kila dakika kadhaa useme ni nzuri. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama mdomoni, kama wafanyavyo madaktari wa meno.

"Nimeelewa," akasema, akainama.

Nilijiona mtu wa maana sana.

Ijumaa baada ya masomo tukaingia ziwani wanne: Kocha kwenye usukani, Daktari kando yake, mimi na Kohei nyuma, tukiwa wapiga makasia wasio na makasia. Boti ya Kocha ina injini ambayo ingeweza kusukuma kanisa. Tulipofika kwenye ghuba yenye miti iliyozama, Daktari aliitoa kofia yake mdomoni, alikoihifadhi njiani kwa kuing'ata, akaivaa upya.

Wakabadilishana fimbo. Sijawahi kuona watu wazima wawili wakitabasamu kwa taabu namna ile.

"Ni nzuri," Daktari akasema, ameikumbatia fimbo ya Kocha iliyompita kwa mbali.

"Na hii pia... ina rangi," Kocha akajibu.

Daktari akarusha kwanza. Mkono wake ulizoea uzito wa kalamu, kwa hiyo alitia nguvu aliyodhani inahitajika, na chambo kikavuka ghuba, kikavuka gati la watu, kikatua kwenye bustani ya maua ya jirani. Kocha alisema ulikuwa mrusho mzuri. Daktari akasema fimbo ni nzuri. Tukaenda na boti kukichukua.

Mrusho wa nne ukaangukia majini. Kamba ikatikisika.

"Mng'oe!" Kocha akasahau mila zote. "Mng'oe, Daktari, mpaka babu yake ashtuke!"

Daktari, mgeni mtiifu, aling'oa kwa mwili mzima. Majini kulitoka kitu kikang'aa, kikapita juu ya kichwa cha Kohei, kikapita juu ya changu, kikatumbukia kwenye kikombe cha kahawa cha Kocha.

Tukachungulia wote. Kilikuwa kisamaki cha jua, wale bapa wanaocheza ukingoni, kidogo kama ukucha mmoja na nusu wa kidole gumba, kimenasa kwa mkia. Chambo chenyewe kilimzidi mara nyingi.

"Pole sana, Daktari," Kocha akasema kwa huruma ya kweli. Alivua kofia. Kwake huo ulikuwa msiba.

Daktari hakusikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya boti. Alimtoa yule samaki kwenye kahawa kwa vidole viwili, akamsuuza ziwani, akamlaza juu ya ile sarafu. Mkia ulitokeza nje kidogo sana, kama ulimi. Daktari akasema jambo kwa Kijapani.

"Baba anasema," Kohei akatafsiri, "miaka minne hajapata mdogo kama huyu. Anaomba picha na Kocha."

Ipo hiyo picha. Kocha amesimama wima, kofia kifuani, kama aliye mazishini. Daktari anacheka mpaka meno yote yanaonekana, na ni meno mazuri.

Ndipo zamu ya fimbo nyekundu ikafika. Kohei alikuwa amefunga mnyoo mdogo wa plastiki, na Kocha akaudondosha kando ya kisiki kwa mkono wa mtu anayebeba mayai. Alihofia kuivunja. Aliivua saa yake ili isiikwaruze. Daktari, kwa kuheshimu mila ya Tennessee, alikaa akamtazama bila kupepesa.

Ncha ikainama. Haikutikisika, iliinama tu.

Mabega ya Kocha yakapanda. Nayajua mabega hayo. Yamewang'oa samaki tangu kabla sijazaliwa, na mara moja yaling'oa kiti cha boti. Mikono ikaanza kurudi nyuma. Hapo macho yake yakakutana na macho ya mtoaji wa zawadi, na Kocha akasimama katikati, mikono hewani, kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko kanisani. Hangeweza kuivunja fimbo ya mgeni mbele ya mgeni. Alikuwa tayari kumpoteza samaki.

Fimbo ikaendelea kupinda. Ikapinda ncha, ikapinda kiuno, ikapinda mpaka karibu na mpini, na kamba ikaanza kukata maji kuelekea kilindini.

"Inavunjika!" Kocha akanong'ona.

"Haivunjiki, Kocha," Kohei akasema. Alikuwa amesimama. Sijawahi kumsikia akimkatiza mtu mzima. "Ndivyo ilivyo. Ameshanasa."

"Sijamng'oa!"

"Amejinasa mwenyewe."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Mwanangu, mimi sijawahi kutofanya kitu!"

"Shikilia tu. Akitaka kwenda, mwache aende. Fimbo itamchosha. Sasa... geuza ncha huku. Taratibu. Taratibu, Kocha, kama unamwamsha mtoto."

Ikaenda hivyo kwa kitambo kirefu. Kijana wa miaka kumi na sita akimwelekeza Kocha Stubblefield kwa sauti ya chini, na Kocha akijibu "ndiyo" na "sawa" na mara moja, nina shahidi, "samahani". Samaki alipochoka, Kohei alilala kifudifudi ukingoni, akamshika mdomo, akamwinua. Mzani ulisema pauni saba na robo. Kwenye ukuta wa ofisi ya Kocha yuko besi wa pauni saba kamili, amekaushwa, ana bati la shaba na tarehe.

Kocha alimtazama samaki, akaitazama fimbo, ambayo ilikuwa imenyooka tena kana kwamba haikuhusika.

Daktari akauliza jambo, akionyesha sehemu mbalimbali za boti. Kohei hakutafsiri.

"Anasemaje?" Kocha akauliza.

Kohei aliangalia viatu vyake. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Baba anauliza... kesho mimi nitasimama upande gani wa boti. Ili akiwa kwenye ile boti ya wazazi ajue pa kuelekeza kamera."

Kocha akamtazama Kohei. Kisha akamtazama Daktari, aliyekuwa ameshika kamera tayari, ametabasamu, anangoja jibu dogo la swali dogo. Kisha, kwa sababu nisizozijua, akanitazama mimi. Nikaona ni wakati mzuri wa kuikagua injini.

"Mbele," Kocha akasema. "Mwambie atasimama mbele. Upande wa kulia, jua lisimpige machoni."

Kohei akatafsiri. Daktari akaandaa kamera yake, akapima mbele, kulia, akaridhika.

"Lakini sheria ni sheria," Kocha akaendelea, kwa ukali, akijifuta uso. "Fimbo ya mwanafunzi yenye kiungo haiingii katika boti hii nikiwa hai."

"Ndiyo, Kocha," Kohei akasema.

"Hii si ya mwanafunzi. Hii ni yangu. Nimepewa. Nikitaka kumwazima mtu kwa siku moja, hilo ni jambo langu na Mungu wangu." Akamkabidhi fimbo nyekundu. "Ukiikwaruza nitakuzika."

Jioni jina lilipobandikwa ubaoni, watu walilisoma mara mbili. Mapacha wa Vandiver walilipokea jambo kiungwana. Walinipa mkono wote wawili, na kesho yake nikakuta viatu vyangu vimejaa asali.

Fainali tulishika nafasi ya nne. Vikombe hutolewa kwa watatu wa kwanza. Kohei alitoa samaki wanne kati ya watano wetu, kutoka mbele, upande wa kulia, na kila alipoinua mmoja ilisikika kutoka kwenye boti ya wazazi sauti moja ndogo ikipiga makofi kwa utaratibu. Mmoja aliyebaki nilimng'oa mimi, na babu yake alishtuka. Daktari alipiga picha zote, halafu wakati wa kupima akapotea. Tulimkuta kwenye banda la kuuzia chambo, ameinamia tangi la visamaki vya kuvulia, anamwomba mwenye duka amsogezee kile cha pembeni.

Jumapili aliaga. Kocha alikuwa amempa ile fimbo yake moja kwa moja, kipande kimoja, futi saba na ushei, ndani ya bomba la maji taka alilolikata na kuliziba mwenyewe. Kutoka uwanja wa ndege wa kwao mpaka Otsu kuna treni. Kohei alimweleza Kocha hivyo. Kocha akasema watu wa huko wamtazame tu, watajifunza kitu.

Kisha Daktari akaja kwangu. Hakumwita Kohei. Alisimama mbele yangu, akatoa kwenye mfuko mmojawapo wa fulana yake pakiti iliyofungwa kwa plastiki tabaka tatu, akanikabidhi kwa mikono miwili, akainama. Nikainama. Nikaifungua tabaka la kwanza, na njiwa waliokuwa juu ya paa la nyumba ya wageni wakaondoka.

"Samaki wa ziwa letu," Daktari akasema mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. "Amelala ndani ya chumvi na wali. Miaka miwili. Wewe umenifundisha mila ya Tennessee. Na Kocha ameniambia mila ya Japani, ambayo mimi sikuijua." Akatabasamu. "Zawadi inatumiwa mbele ya macho ya aliyeitoa."

Niliangalia kushoto. Kohei alikuwa akiyatazama mawingu kwa makini. Niliangalia kulia. Kocha alikuwa ameegemea pikapu, mikono kifuani.

"Tumia, Ogletree," akasema. "Usije ukatutia aibu. Ni mila."

Daktari alikata kipande kwa kisu kidogo cha mfukoni, akakiweka kiganjani mwangu, akatoa ile sarafu ya yen moja. Akailaza kando ya kipande, akainama, akapima kwa jicho moja kama mtu wa kazi. Akatikisa kichwa.

"Kidogo," akasema, akanikatia kingine.